Pima Kabla ya Kununua: Umeme wa Pikipiki Ukigoma Katikati ya Sevisi

Umepeleka pikipiki kwa fundi kwa sevisi ya kawaida: oili imwagwe, cheni ikazwe, breki ziangaliwe. Ni kazi ya asubuhi moja. Jua likifika utosini fundi anabonyeza stata na injini haitoi hata mlio. Au taa ya mbele, iliyoingia gereji ikiwaka, sasa imekufa. Au fyuzi inaungua, inawekwa nyingine, nayo inaungua. Mwenye chombo anasema kilikuja kizima. Fundi anasema ugonjwa ulikuwamo tangu zamani. Kabla hawajaelewana, mtu aliyeketi pembeni ameshatoa hukumu: "Hiyo ni CDI. Tuma pesa tununue nyingine."

Makala haya yanahusu saa hiyo, na yanawalenga wanabodaboda, wenye pikipiki na mafundi wa Lodwar, Kakuma na vijiji vilivyo kati yake. Ushauri mkuu ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: usinunue kipuri cha umeme kabla hujapima. Matatizo mengi ya umeme yanayochomoza wakati wa sevisi hayatokani na kifaa kilichokufa. Yanatokana na kiungo kilicholegea, waya uliobanwa, eathi iliyoliwa na kutu, au betri iliyokuwa imechoka kitambo, ikawa inasubiri tu siku ya kuguswa.

Kwa nini kubahatisha huku ni ghali

Fundi wa Eldoret akikosea kipuri, anavuka barabara na kununua kingine. Wa Lodwar hana nafasi hiyo. Kipuri kisichopatikana mjini hutoka Kitale, kilomita 300 hivi kusini, na kwa Kakuma unaongeza nyingine kama 120. Barabara ya A1 imekuwa nzuri kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita, lakini kifurushi bado kinangoja basi, na pikipiki iliyolala haileti hesabu ya siku. Katika kambi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei mambo ni magumu zaidi, kwa sababu fundi ambaye ni mkimbizi hapandi tu gari kwenda Kitale kujichagulia spea. Anahitaji kibali cha kusafiri. Hutegemea kumtuma mtu mwingine, na anayetumwa huleta kile alichotajiwa. Ukitaja kipuri kisicho sahihi, umenunua kisicho sahihi. Tena maduka mengi ya spea hayapokei tena kifaa cha umeme kikishauzwa. CDI (kisanduku kinachoongoza cheche za plagi) uliyonunua kwa kubahatisha ni yako milele, hata kama shida ilikuwa ni fyuzi.

Kisha kuna mazingira yenyewe. Lodwar hufika nyuzi 35 za joto mchana karibu mwaka mzima. Wataalamu wa betri za asidi wana kanuni yao: kila joto linapopanda nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri hupungua karibu nusu. Kwa hiyo betri ambayo mwenzako wa Nairobi anaitumia miaka mitatu au minne, wewe usishangae ikikuaga baada ya mwaka mmoja na nusu. Vumbi laini hupenya kwenye soketi za nyaya. Mtikisiko wa njia za changarawe na za laga hulegeza nati. Na mvua ikinyesha, mito ya Kawalase na Tarach hufurika kwa saa chache, pikipiki zikavushwa maji yakiwa yamefika kwenye injini. Sevisi ndiyo siku ambayo haya yote hugunduliwa, kwa kuwa ndiyo siku pekee kiti na tangi hufunguliwa.

Simama kwanza, uliza kilichoguswa

Hatua ya kwanza ni kutofanya kitu. Zima ufunguo, weka spana chini, na mjiulize pamoja: tangu pikipiki iingie ikiwa inawaka, ni nini kimeguswa? Kama tangi lilitolewa, angalia mahali linapokaa. Fungu la nyaya hupita chini yake, na tangi likirudishwa kwa haraka hubana waya mmoja au miwili dhidi ya fremu. Kama kiti kilifunguliwa, angalia soketi za CDI na za rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri). Kama gurudumu la nyuma lilitolewa, angalia waya wa swichi ya breki. Kama pikipiki ilioshwa kabla ya kazi, fungua kofia ya plagi uone kama ina maji ndani, halafu soketi zilizo nyuma ya taa ya mbele.

Yaondoe mapema mambo madogo yanayofanana na makubwa. Swichi nyekundu ya kuzimia injini iliyo upande wa kulia wa usukani husukumwa kwa kiwiko wakati wa kazi bila mtu kujua. Pikipiki nyingine haziwaki gia ikiwa imeingia, nyingine hukataa mpaka klachi ibanwe, na nyingine hukataa stendi ya pembeni ikiwa chini. Ukaguzi huu hauli hata dakika mbili, na mara kadhaa huwa ndio mwisho wa tatizo.

Baada ya hapo zungusha usukani taratibu, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, ufunguo ukiwa umewashwa. Taa zikififia au kuzimika mahali fulani, umepata: waya umekatika ndani ya ganda lake shingoni mwa usukani, mahali unapokunjwa kila siku. Kwa nje ganda linaonekana zima. Lishike kwa vidole viwili ulivute kidogo. Pale palipokatika ndani huwa laini na hunyooka kama mpira.

Betri ndiyo ya kwanza kupimwa

Kila kipimo cha umeme kinaanzia kwenye betri, kwa sababu betri dhaifu hukufanya ulaumu vifaa vizima. Mita ya kupimia, ile ambayo mafundi wengi huiita testa, haifiki bei ya tairi moja la pikipiki. Iweke kwenye volti za betri, alama ya V yenye mstari ulionyooka, kipimo cha 20. Waya mwekundu ushike chanya, mweusi ushike hasi.

Soma pikipiki ikiwa imezimwa kwa saa moja au zaidi. Betri iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.4 imepungua kama robo. Ikisoma 12.0 imebaki na kidogo sana, na chini ya 11.8 hesabu kuwa imeisha. Sasa mwambie mwenzako abonyeze stata huku ukitazama namba. Ikiporomoka chini ya 9.6, betri haina nguvu hata kama kabla ya hapo ilisoma vizuri. Ichaji kikamilifu kisha upime tena kabla ya kuihukumu. Ikirudia kuporomoka baada ya kujaa, ndipo ununue.

Tazama na teminali. Unga mweupe au wa kijani uliozizunguka huzuia umeme kupita, na stata hulia tiki-tiki tu bila kuzungusha injini. Fungua, ukianza na hasi. Sababu ya kuanza na hasi ni kwamba fremu nzima imeunganishwa nayo. Spana ikigusa fremu wakati unafungua hasi hakuna kitakachotokea, lakini ikigusa fremu wakati unafungua chanya huku hasi bado imefungwa, cheche zitaruka mbele ya tangi la petroli. Osha teminali kwa maji yenye baking soda, usiruhusu maji hayo yaingie ndani ya betri, kausha, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu na upake grisi kidogo kwa juu. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

Betri ya kuongezwa maji ni suala linalohitaji mkazo wa pekee huku kwetu. Maji ya visima vya Turkana yana chumvi na madini mengi, hata yale tunayoyanywa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Lotikipi, kaskazini mwa kaunti, kuna hazina kubwa ya maji chini ya ardhi. Yalipochimbwa na kupimwa yakaonekana kuwa na chumvi. Maji ya Ziwa Turkana nayo ni ya magadi. Ukitia maji ya aina hiyo ndani ya betri umeiua. Ongeza maji safi ya betri yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, na usiongeze asidi kwenye betri iliyokwisha kutumika. Kinachokauka kwa joto ni maji, asidi inabaki. Wanaosafirisha samaki kutoka Kalokol wanaoosha pikipiki ziwani, nao wasuuze teminali na soketi kwa maji baridi ya kawaida wakifika nyumbani.

Betri mpya nayo ina haki yake. Ikishajazwa asidi dukani, ipe angalau nusu saa itulie, kisha ichajiwe polepole kabla ya kufungwa. Kiasi salama ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya amp-saa 5 ichajiwe kwa nusu ampia. Betri nyingi zinazosemwa kuwa feki zilifungwa zikiwa na asidi ya moto na chaji nusu, hazikujaa tena maisha yao yote.

Eathi, mahali wengi hawatazami

Betri ikiwa nzima na taa zinafifia, au honi inalia kwa unyonge, au kila ukiwasha indiketa taa nyingine zinapepesa nayo, nenda kwenye eathi. Huu ni waya mweusi au wa kijani unaotoka hasi ya betri na kufungwa kwa bolti kwenye fremu au injini. Bolti ikishikwa na kutu, au fremu ikipakwa rangi mpya bila kukwangua pale bolti inapokaa, umeme hauna njia ya kurudi.

Kuna kipimo kinachomaliza ubishi. Mita ikiwa kwenye volti, shika hasi ya betri kwa waya mmoja na chuma kitupu cha injini kwa waya mwingine. Bonyeza stata. Ukisoma namba ndogo sana, eathi ni nzima. Ikizidi nusu volti, eathi inakula umeme wako. Fungua bolti hiyo, kwangua mpaka uone chuma cheupe, funga upya. Kazi hii haigharimu chochote ila jasho, na imewahi kuokoa stata nyingi zilizokuwa zimeshaandikiwa kifo.

Fyuzi inayoungua inakueleza jambo

Fyuzi ikiungua mara moja, weka nyingine yenye namba ileile. Ya pili ikiungua, usiweke ya tatu. Na hapa ndipo ninapomsihi kila fundi anayesoma: usizungushe karatasi ya sigara wala uzi wa shaba badala ya fyuzi. Fyuzi imewekwa iwe sehemu dhaifu kuliko zote ili iungue yenyewe. Ukiifanya kuwa na nguvu kuliko nyaya, zitaungua nyaya, na zimepita chini ya tangi la petroli. Abiria aliyepanda kutoka Nakwamekwi hajui kwamba amekalia karatasi ya sigara.

Kutafuta shoti kwa kuchoma fyuzi moja baada ya nyingine ni kupoteza pesa. Tumia balbu. Chukua balbu ya breki ya volti 12 na wati 21, iunge nyaya mbili, kisha unganisha nyaya hizo mahali fyuzi inapokaa. Zima taa na kila kitu, kisha washa ufunguo. Balbu iking'aa kwa nguvu zake zote, shoti ipo. Sasa chomoa soketi moja moja: honi, taa ya nyuma, indiketa, swichi za usukani, kila kifaa kilichoongezwa. Ukichomoa moja na balbu ikafifia au kuzimika, shoti iko kwenye tawi hilo. Fuata waya huo kwa mkono na macho. Utaikuta pale ulipobanwa na tangi, pale ulipogusa sailensa ukayeyuka, au pale mtu aliyechomelea kerria ya mizigo aliporuhusu moto ufike. Balbu hiyo moja inafanya kazi ya fyuzi ishirini.

Nikitaja kuchomelea: kerria na vyuma vya kukinga miguu huchomelewa kila siku kwenye karakana za jua kali. Kabla ya mashine ya welding kuguswa, chomoa hasi ya betri na soketi ya CDI. Umeme wa welding hutafuta njia ya kurudi, na ukipita ndani ya CDI hutaitumia tena.

Kama inawaka lakini haichaji

Tatizo jingine hujitokeza jioni, baada ya kutoka gereji. Pikipiki iliwaka vizuri asubuhi, usiku betri imekwisha. Washa injini, vuta mafuta kiasi cha wastani pikipiki ikiwa imesimama, na upime kwenye teminali za betri. Namba ikisimama kati ya 13.8 na 14.5, mfumo wa chaji ni mzima na tatizo liko kwingine. Ikibaki chini ya 13, chaji haifiki. Kagua soketi ya rektifaya kwanza, kwani huungua kwa joto na plastiki yake hugeuka kahawia. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia, betri itachemka na balbu zitapasuka moja baada ya nyingine. Hapo hata ukibadilisha betri mara tatu, unazipeleka zote machinjioni.

Na kama chaji ni nzima lakini betri hulala ikiwa nzima na kuamka imekufa, kuna kitu kinachonyonya. Zima ufunguo, fungua hasi, weka mita kwenye ampia 10, waya mmoja kwenye teminali ya hasi ya betri na mwingine kwenye waya uliofungua. Usibonyeze stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Namba inatakiwa kuwa karibu na sifuri. Ikisoma 0.1, fanya hesabu: betri ya amp-saa 5 itaisha kabisa ndani ya saa 50, na itashindwa kuzungusha stata kabla ya hapo.

Mnyonyaji huwa mmojawapo wa vifaa vilivyoongezwa. Bodaboda za huku hubeba chaja ya simu, redio, alamu, taa za rangi na honi ya pili, na vingi huungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Chaja ya simu ni huduma kubwa mahali ambapo stima haifiki kila nyumba, kwa hiyo sisemi itolewe. Nasema iwe na fyuzi yake ndogo, na iungwe kwenye waya unaokufa ufunguo ukizimwa. Kiungo kilehemiwe au kibanwe kwa klipu, kisha kifunikwe kwa mpira unaobanwa kwa joto. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu nyeusi hakudumu Turkana. Gundi ya tepu huyeyuka kwa jua, tepu huteleza, na shaba hubaki wazi.

Pikipiki ya mkopo mara nyingi huwa na kifaa cha kufuatilia kilichofichwa, nacho hula umeme kidogo hata usiku. Ukikishuku, usikikate. Piga simu kwa waliokukopesha, uwaeleze namba uliyopima, na uwaachie watume mtu wao. Ukikikata bila taarifa utaonekana unaficha pikipiki.

Maelewano yanayozuia ugomvi

Nusu ya matatizo haya ni ya watu, na dawa yake hutolewa kabla ya spana ya kwanza. Pikipiki ikifika gereji, mwenye nayo na fundi waiwashe pamoja. Wajaribu stata, taa kubwa na ndogo, indiketa zote nne, honi, taa ya breki kwa mkono na kwa mguu. Kisichofanya kazi kiandikwe. Fundi apige picha ya nyaya kwa simu yake kabla ya kuchomoa soketi yoyote. Baada ya hapo hakuna wa kubishana kuhusu kilichoingia kizima.

Tatizo jipya likitokea, fundi asimame na aseme, kabla hajaendelea. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari na bidhaa nyingine, na inataka mteja apewe makadirio ya gharama na atoe idhini kabla kazi haijafanywa. Chini ya mti wa Napetet au ndani ya Kakuma 1, makadirio yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Tenganisheni pia bei ya kutafuta na bei ya kutengeneza. Fundi aliyetumia saa mbili kupata waya uliobanwa amefanya kazi kubwa kuliko aliyefunga kipuri kipya kwa dakika tano, naye anastahili kulipwa. Tusipomlipa kwa kutafuta, tunamfundisha kuuza vipuri.

Kuhusu lawama, haki iko wazi. Kilichobanwa, kung'olewa au kulowanishwa wakati wa kazi hurekebishwa na fundi bila malipo. Kilichokuwa kimechoka, kama betri ya miaka miwili au soketi iliyoungua zamani, ni cha mwenye pikipiki. Na kipuri chochote kikibadilishwa, mteja aondoke na kile cha zamani mkononi.

Wewe unayeendesha pikipiki ya mtu mwingine, ukimpigia mwenye nayo, mpelekee namba badala ya maoni. Ukisema, "Mzee, fundi anasema betri," atafikiri unamtafutia hela. Ukisema, "Mzee, betri inasoma 11.3, tukibonyeza stata inashuka hadi 6, tumeichaji usiku kucha na bado," amepata sababu ya kutuma pesa.

Wenye vyombo vya umeme vitupu

Pikipiki na tuktuk zinazotumia umeme pekee zimeshaingia Kenya, na vigari vya umeme vya hoteli na viwanja vya gofu ni vya miaka mingi. Kanuni ya kupima kwanza ni ileile, lakini hatari inazidi. Volti 48 hupatikana, kwa mfano, kwa kuunga mfululizo betri 4 za volti 12. Spana ikiangukia teminali mbili inaweza kuyeyuka papo hapo. Vua pete na saa, zungushia tepu mpini wa spana, na ukate swichi kuu kabla ya kugusa kitu. Kidhibiti mwendo huhifadhi umeme kwa muda hata betri zikiwa zimechomolewa, kwa hiyo kipe dakika kadhaa.

Chombo kikipoteza nguvu, usipime jumla pekee. Pima betri moja moja. Tatu zikisoma 12.7 na moja ikisoma 11.9, hiyo moja ndiyo inayozivuta zote chini. Lakini kuweka moja mpya kati ya tatu zilizochakaa hakusaidii kwa muda mrefu. Mpya huchakaa haraka ili ilingane na wenzake. Chaji mahali pa wazi, mbali na moto na sigara, kwa sababu betri za asidi hutoa gesi inayolipuka zikijaa. Na kama betri ni sanduku la lithiamu lililofungwa na kampuni, usilifungue hata kwa kulazimishwa. Lirudishwe kwa wenyewe.

Mambo ya kuanza wiki hii

Kila steji ya bodaboda inunue mita moja ya pamoja kutoka kwenye chama, na watu wawili wa steji wajifunze kuitumia. Ukiongeza balbu yenye nyaya mbili, fyuzi tano za namba sahihi, msasa, mpira wa kufunikia viungo na chupa ya maji ya betri, vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki chini ya kiti. Vyuo vinavyofundisha ufundi, kama Don Bosco Kakuma, vina walimu wanaojua vipimo hivi vyote. Viongozi wa bodaboda wawaombe mafunzo ya siku moja kwa mafundi wa mtaani, wenyeji na wakimbizi pamoja, kwani pikipiki wanazotengeneza ni zilezile.

Na kwako wewe, fundi kijana unayefanya kazi juani na mteja amekusimamia akikuharakisha: usione aibu kumwambia, "Sijui bado, ngoja nipime." Atakayekuheshimu kesho ni yule ambaye leo hukumnunulisha kitu asichokihitaji. Pima, andika namba, kisha ndipo utaje kipuri.